Je, Ni Halali Kumhuzunikia Paka?

Swali hili nililoliweka juu ya karatasi huenda likawachekesha baadhi yenu. Nami zamani ningalicheka. Tumelelewa kujua ya kuwa paka ni mlinzi wa ghala: kazi yake kukamata panya, ujira wake makombo, na akifa hutupwa shimoni, watoto wakaenda kuomba mwingine kwa jirani. Ng'ombe akivunjika mguu nyumba nzima husikitika, kwa kuwa ng'ombe ni mali. Paka si mali. Haliwi, hakamuliwi, wala hapelekwi mnadani. Basi mtu mzima, tena mwalimu, mwenye mke na watoto, akikesha kwa ajili ya paka, watu wana haki kuuliza kama akili zake zi timamu. Mimi nalikesha siku tatu. Nataka kueleza yaliyonipata, kisha tulitazame swali hili pamoja, maana naona mizizi yake imekwenda chini kuliko nilivyodhani.

Paka wetu jina lake ni Sikujua. Jina hili alipewa na mama yangu mzazi, aliyeamka asubuhi moja ya masika akamkuta jikoni kando ya mafiga, mtoto mchanga wa paka aliyelowa mvua, wala hakuna aliyejua ametoka wapi. Mama alikaa naye miaka minne. Alipokuwa hawezi tena kushuka kitandani, paka huyo alikuwa akilala miguuni pake. Na siku tuliyomzika mama, tuliporudi jioni kutoka kaburini, tulimkuta amelala juu ya kitanda kitupu, pale pale mahali pa miguu. Sisemi ya kuwa alijua mauti ni nini. Nasema niliyoyaona. Tangu siku ile akawa wangu.

Sasa habari ya ajali yenyewe, ambayo chanzo chake ni mimi. Nyumba yetu iko kando ya barabara iendayo Muheza. Jioni moja nalisafisha samaki, na kwa uvivu wa kwenda mpaka shimo la taka lililo nyuma ya nyumba, nikayatupa matumbo ng'ambo ya barabara, kwenye majani. Sikujua akayafuata. Aliporudi, pikipiki ya abiria ilikuwa ikiteremka mlima. Nalisikia breki, kisha kishindo kidogo, kidogo sana, kama mtu aangushaye kikapu. Kijana mwenye pikipiki alianguka naye. Aliinuka upesi, kiwiko chake kinatoka damu, akasema, "Mwalimu, nisamehe, sikumwona." Mimi sikumjibu neno. Nalikimbilia majani kumtafuta paka. Mke wangu ndiye aliyemchukua kijana yule, akamwosha jeraha kwa maji na sabuni, akamfunga kitambaa, akamkalisha kitini. Nitalirudia jambo hili.

Sikujua alikuwa amejiburuta kwa miguu ya mbele hata chini ya uchaga wa kuni, na miguu ya nyuma yafuata kama si yake. Nilipomshika ili nimtoe, akaniuma mkononi. Yeye ambaye hakuwahi kunikwaruza hata kwa mchezo! Nikajifunza hapo ya kuwa uchungu ukizidi humfanya kiumbe asimtambue rafiki. Ninyi nanyi likiwapata jambo kama hilo, msione haya kwenda zahanati: jeraha la meno ya mnyama lapasa kuoshwa kwa sabuni na maji yapitayo kwa muda wa dakika 15, kisha mganga alitazame, kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ambacho paka naye aweza kukichukua. Nami naliosha, na asubuhi nalikwenda.

Jirani mmoja, mama mwenye huruma, alileta kidonge cha Panadol, akasema tumsagie nusu katika maziwa. Namshukuru Mungu kwamba nalimpigia simu kwanza bwana mifugo wa kata, maana alinijibu kwa sauti kali, "Usithubutu!" Akanieleza ya kuwa dawa hiyo ya maumivu, ambayo sisi twaimeza kila tuumwapo kichwa, mwili wa paka hauwezi kuiyeyusha, hugeuka sumu katika damu yake na katika ini, hata kidonge kimoja au chini yake chatosha kumwua. Akaniagiza nimlaze juu ya ubao uliotandikwa nguo, nimwinue pamoja na ubao nisimkunje mgongo, nimtie katika sanduku mahali penye giza na kimya, nitazame kama ufizi wake ni mwekundu au umekuwa mweupe, kama apumua kwa kinywa wazi, na zaidi ya yote kama atakojoa kabla ya siku moja kupita. Asipokojoa, alisema, huenda kibofu kimepasuka, na hapo hakuna la kufanya kijijini.

Basi nikaanza kungoja. Na hapa ndipo nitakapo kukaa kidogo, maana mengi yameandikwa juu ya huzuni ya kufiwa, walakini machache juu ya hangaiko la mtu asiyejua bado kama atafiwa.

Usiku ule naliamka mara tano. Kila mara nalichukua taa, nikafunua sanduku, nikamulika nione kama mbavu zapanda na kushuka. Kila mara Sikujua alifumba macho kwa ajili ya mwanga, akageuza kichwa pole pole kuelekea ukutani. Mara ya tano mke wangu akasema kutoka kitandani, "Baba, umeambiwa giza na kimya. Hiyo taa ni ya nani?" Sikuweza kumjibu. Maana kweli taa haikuwa ya paka. Paka hakuhitaji kuonekana, alihitaji kuachwa. Taa ilikuwa yangu, ya kutuliza moyo wangu kwa dakika chache, na bei yake ililipwa na kiumbe asiye na nguvu ya kunikataza. Nikaizima. Nikalala macho wazi mpaka jogoo wa kwanza.

Wasiwasi una hila, ndugu zangu. Hujionyesha kana kwamba ni upendo mwingi, hata mwenyewe hushawishika. Nami siwezi kusema si upendo. Ningemulika sanduku la kitu nisichokipenda kwa sababu gani? Lakini upendo ule ulikuwa umegeuka kunitazama mimi.

Bwana mifugo alifika kesho yake adhuhuri. Alimpapasa Sikujua kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu asomaye maandishi ya vipofu. Akasema mfupa wa nyonga umepasuka upande mmoja, lakini haukuachana sana. Kupasua hakuwezekani hapa. Mara nyingi nyonga ya namna hiyo huunga yenyewe, ikiwa mnyama atafungiwa mahali padogo, asiruke wala kupanda, kwa muda wa juma nne hata sita. Alimchoma sindano ya maumivu iwafaayo paka. Pamoja na nauli yake nalimlipa shilingi 20,000.

Habari ya hizo shilingi 20,000 ikaenea kijijini kabla jua halijatua. Siku ya tatu akaja kwangu mzee mmoja wa kanisa, mtu nimheshimuye, aliyenibatizia mtoto. Nikamwamkia, akaitika, akaketi. Hakuwa na hasira. Akasema, "Mwanangu, yule mjane wa kule bondeni mtoto wake ana homa, hana nauli ya hospitali. Nawe umetoa elfu ishirini kwa paka. Nimekuja kukuuliza tu, sikuja kukuhukumu."

Nalikuwa na jibu tayari, na nililiona jibu zuri. Nikamwambia, "Baba, mwezi uliopita paka alikuwa mzima. Je, elfu ishirini zile zilikwenda kwa mjane? Hazikwenda. Zilikwenda katika vocha za simu na soda na mambo ambayo leo siyakumbuki. Basi si kweli ya kuwa paka amemnyang'anya mjane. Na tena, yule aliyenung'unika juu ya marhamu ya Bethania, kwamba yangaliuzwa wakapewa maskini, Yohana atuambia alikuwa nani."

Mzee akacheka kidogo. Akasema, "Yohana amtaja mmoja; Mathayo asema ni wanafunzi wote. Hata hivyo neno lako la kwanza ni kweli, nami nalikubali. Paka hakumnyang'anya mjane. Lakini mwezi uliopita ulidhani fedha huna. Leo umejua unazo."

Akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda. Nimelitafuta jibu la neno lile hata leo.

Tuendelee na swali. Wako wasemao ya kuwa mnyama hana roho kama yetu, kwa hiyo maumivu yake si kitu. Mfaransa mmoja mwenye hekima nyingi, Descartes, katika kitabu alichokitoa mwaka 1637, aliwafananisha wanyama na mitambo, mfano wa saa iendayo kwa magurudumu yake. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, sishindani na Descartes. Walakini saa ya ukutani haijapata kugeuza uso wake kuikimbia taa. Na Maandiko yetu hayakubaliani naye. Sheria ya Musa yaamuru hata punda wa adui yako, ukimwona ameanguka chini ya mzigo, umsaidie. Nathani alipotaka kuuvunja moyo wa Daudi, alimwambia habari ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja, aliyekula katika sahani yake na kulala kifuani pake kama binti, wala Daudi hakuuliza, "Mbona mtu huyu ampenda mnyama hivi?" Aliwaka hasira. Na Mungu alipomjibu Yona juu ya mji wa Ninawi, alizihesabu roho za watu zaidi ya 120,000, kisha akaongeza, neno la mwisho kabisa la kitabu, wanyama wa mji pia.

(Juu ya paka mwenyewe, wanafunzi huniuliza kama yumo katika Biblia. Katika vitabu 66 tuvisomavyo sisi hayumo. Yumo katika Waraka wa Yeremia, ambao katika Biblia za ndugu zetu Wakatoliki ni sura ya 6 ya kitabu cha Baruku, na humo hutajwa akikaa juu ya sanamu za Babeli bila hofu yo yote. Ndiyo tabia yake hasa.)

Jirani yangu Mwislamu, fundi seremala aliyenitengenezea lile sanduku, alinisimulia hadithi ambayo wao huipokea kwa Mtume wao: mwanamke alimfungia paka, asimlishe, wala asimwache atoke akajitafutie wadudu wa nchi, hata akafa; naye akaadhibiwa motoni kwa ajili ya paka huyo. Nikamwuliza kwa nini mwanamke yule alihukumiwa vikali namna ile. Akasema, "Kwa kuwa alimfunga. Paka wa porini riziki yake iko kwa Mungu. Uliyemfungia mlango, riziki yake umeichukua wewe."

Neno hili lanifaa kuliko hoja nyingi za vitabu. Simpi paka daraja ya mtoto wa mtu. Kama mto ungefurika na nguvu zangu zikatosha kuokoa mmoja, mtoto wa mjane au Sikujua, nisingesimama kufikiri, wala nisingeona fahari kwa kutofikiri. Lakini mto haukufurika. Aliyeyatupa matumbo ya samaki ng'ambo ya barabara ni mimi. Mimi na mama yangu ndio tuliomzoeza kula mkononi mwetu. Kumtazama akiburuta miguu, kisha kusema, "Huyu ni paka tu, watu wengi wanateseka," ingekuwa kulipa deni la mmoja kwa kumtaja mwingine, na mwishowe kutomlipa hata mmoja.

Hapa ningaliweza kuishia, nami ningeonekana mtu mwema. Lakini sijaeleza habari ya siku ya Alhamisi.

Alhamisi Sikujua alikuwa amekojoa, Mungu ashukuriwe, walakini hakula. Nilikuwa darasani, na akili yangu i katika sanduku. Wakati wa hesabu nikamwita mvulana mmoja, mkimya, mwepesi wa miguu. Nikampa shilingi 1,000, nikamwambia aende sokoni akanunue dagaa wabichi, awapeleke kwa mama nyumbani, wachemshwe kwa ajili ya paka. Alikwenda mbio. Kutoka shule hata sokoni, kutoka soko hata kwangu, na kurudi, ni mwendo wa saa nzima katika jua. Aliporudi alisimama mlangoni akishika mwimo. Nikamwuliza kama mgonjwa. Akasema, "Hapana, mwalimu." Mtoto wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, huyo tangu jana mchana hajala."

Nalimtuma mtoto mwenye njaa kumnunulia paka chakula. Nalimtuma kwa sababu ni mtoto, naye hawezi kumwambia mwalimu hapana. Kijana wa pikipiki alitoka damu kwangu, sikumwona. Paka aliomba giza, nikamwasha taa. Na sasa huyu. Huzuni yangu juu ya Sikujua ilikuwa halali, nasema hata sasa. Lakini nalikuwa nikiwatoza wengine gharama yake, kila mara yule aliye mnyonge kuliko mimi.

Usiku ule nikakumbuka jambo nililolisoma zamani chuoni, wala sikulielewa wakati ule. Palikuwa na mwandishi mkuu wa Kiingereza, Samuel Johnson, yule aliyetunga kamusi mashuhuri ya mwaka 1755. Alikaa London, naye alikuwa na paka jina lake Hodge. Hodge alipozeeka na kuugua, hakuweza kula ila chaza, ambazo siku zile katika mji ule zilikuwa chakula rahisi cha watu wa kawaida. Na Johnson alikuwa na mtumishi nyumbani, Francis Barber, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani katika kisiwa cha Jamaica, akaletwa Uingereza angali kijana. Nyumba nyingine yo yote ya wakati ule, ni nani angetumwa kununua chaza? Lakini bibi mmoja rafiki wa Johnson, Hester Piozzi, katika kitabu chake cha mwaka 1786, asema ya kuwa Johnson alikuwa akitoka mwenyewe kwenda kuzinunua, ili Francis asione amedharauliwa kwa kufanywa mtumishi wa mnyama. Naye Boswell, aliyeandika maisha ya Johnson mwaka 1791, ataja sababu nyingine karibu na hiyo: watumishi wasije wakamchukia paka maskini kwa ajili ya taabu anayowaletea.

Johnson alikuwa mtu mnene, mzito, mwenye maradhi mengi. Mwanachuoni aliyejulikana Ulaya nzima alishika njia kwa miguu kumnunulia paka chakula. Siku hizi mbele ya nyumba yake katika uwanja wa Gough iko sanamu ya Hodge, iliyowekwa mwaka 1997, na maganda ya chaza miguuni pake. Watu huitazama, naamini, wakasema, "Tazama jinsi alivyompenda paka wake." Mimi naona katika maganda yale heshima aliyopewa Francis Barber, ambaye Johnson alipokufa mwaka 1784 alimwachia sehemu kubwa ya mali yake. Sijui wasomaji mtaonaje. Kwangu mimi mapenzi yake kwa paka na heshima yake kwa mtu yalikwenda njia moja, kwa miguu ile ile. Nami nilikuwa nimeketi juu ya kiti, chaki mkononi.

Ijumaa asubuhi nalimwita mvulana yule kando, nikamwomba radhi. Nakiri ya kuwa si desturi katika shule zetu, naye alitazama chini kwa haya, asijue aitikie nini. Mke wangu alimpa uji. Habari ya siku zilizofuata, juu yake na juu ya mtoto wa mjane, siiandiki hapa. Kijana wa pikipiki nalimtafuta mpaka kituoni kwao. Kiwiko kilikuwa kimekauka, naye alishangaa kuulizwa.

Juma la sita lilipotimia nikaufungua mlango wa sanduku. Sikujua alitoka nusu, akasimama, akanusa hewa kwa muda mrefu, kisha akaenda polepole hata jikoni, mguu wa nyuma wa kushoto ukichechemea. Huchechemea hata leo. Hapandi tena uchagani, wala sidhani kama atakamata panya wengi.

Shimo la taka silikwepi tena. Na dagaa huenda kununua mwenyewe. Jumamosi iliyopita nalimkuta sokoni mvulana yule, ameketi karibu na mama yake auzaye mihogo. Akasimama. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe."

Akalitazama fungu la dagaa mkononi mwangu, akafikiri kidogo, kisha akaniuliza kama Sikujua hula vichwa, maana kwao nyumbani huvikata, naye aweza kuvileta.